Mume Wangu Alipolazwa Karakana

Mume wangu ana miaka sabini na mmoja. Alhamisi moja asubuhi, hospitali ilimwandikia abadilishwe magurudumu mawili ya nyuma, kisha apakwe rangi nyeupe.

Sitanii. Karatasi ninayo kabatini, pamoja na vyeti vya watoto.

Nitawasimulia taratibu. Hadi leo nikikumbuka nacheka kwanza, halafu namgeukia nione kama bado yupo.

Mzee wangu alikuwa na ngiri ya siku nyingi. Aliificha kama mtoto anavyoficha kikombe alichovunja. Jumatano jioni ikambana. Alijikunja kwenye kochi, jasho linamtoka, na bado ananiambia, "Ni gesi tu, mama watoto."

Gesi gani inamfanya mtu mzima ang'ate mto?

Hospitalini daktari wa zamu alimpapasa tumbo, akanitoa nje kidogo. Akaniambia utumbo umenaswa. Usipofunguliwa kesho, utaanza kuoza.

"Bingwa wa upasuaji yuko hapa Alhamisi hadi saa saba mchana," alisema. "Baada ya hapo anaondoka, anarudi Jumatatu."

"Na Jumatatu mzee wangu atakuwa na hali gani?"

Daktari alinishika bega tu, akauacha mkono wake pale. Nikaelewa.

Basi mzee akalazwa, kitanda namba kumi na nne.

Asubuhi niliwasikia manesi wakiitana. "Kumi na nne kapimwa presha?" "Kumi na nne asile kitu!" Nikakasirika. Mtu ameishi miaka sabini na mmoja, leo amekuwa namba?

Sista mkuu aliniona nilivyokunja uso. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na mikono ya kubembeleza. Alikuwa ameshavua sweta lake na kulikunja chini ya kichwa cha mzee, maana mito ilikuwa imeisha.

"Mama, usichukie," alininong'oneza. "Humu wamelala watu ishirini na pazia tu katikati. Nikipaza sauti nikataja jina la mtu na ugonjwa wake, majirani zake watajua kabla ya mkewe. Namba inamsitiri."

Nikaona haya. Kumbe nilichodhani ni dharau kilikuwa heshima.

Shikeni hapo kwenye namba. Ndipo balaa lilipoanzia.

Pale wodini alikuwepo pia kijana wa mfumo wa kompyuta. Shati limepigwa pasi mpaka linakata, kitambulisho shingoni, kompyuta ndogo kwapani. Aliponiona nimesimama alikimbia kuniletea kiti. Nikampenda hapohapo. Ndiyo maana hata yaliyofuata sikuweza kumkasirikia sawasawa.

"Wewe ni daktari wa nini, mwanangu?" nilimuuliza.

"Mimi si daktari, bibi. Nimeleta mfumo wa kati."

"Katikati ya nini na nini?"

Alifurahi kuulizwa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Akanieleza kwamba kila idara ya hospitali ilikuwa imenunua kompyuta zake kwa wakati wake. Maabara zao, wodi zao, chumba cha upasuaji zao, mpaka karakana wanakotengeneza vitanda. Kila moja inaongea lugha yake, haisikilizani na mwenzake. Sasa mfumo wake unakaa katikati kama mkalimani. Kila mgonjwa, kila pakiti ya damu, kila kitanda kimeandikishwa humo kama kitu. Idara yoyote inakiita kitu hicho kutoka mbali, nacho kinaitika.

"Na uzuri wake, bibi, huna haja ya kujua mgonjwa yuko wapi. Unaita tu. Mfumo ndio unajua alipo."

"Mimi nikitaka kujua mume wangu yuko wapi, namwangalia."

"Hiyo ni njia ya zamani," alisema kwa upole.

Mzee akafumbua jicho moja. "Na akiniangalia mwingine?"

"Nyamaza wewe, una ngiri," nikamwambia.

Kijana aliendelea. Alisema mifumo mingine inalazimisha watu wabadili wanavyoita vitu. Wake unanyumbulika. Kila idara iendelee kuita inavyopenda, mfumo utajifunza wenyewe nani anamaanisha nini.

"Miezi miwili sasa," alisema, "na hakuna ujumbe hata mmoja uliopotea. Mkurugenzi anatupa cheti wiki ijayo."

Nilimpongeza. Mtoto wa watu anajituma, utamvunjaje moyo?

Ilipofika saa nne, bingwa alituma mtu kumchukua mzee. Yule mtu akatazama kioo cha kompyuta ya wodi, akakuna kichwa, akaondoka na machela tupu.

"Vipi?" nikamuuliza sista.

Sista akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaniangalia kwa macho ambayo sitayasahau.

"Mama, inasema kumi na nne hayupo wodini."

Sote wawili tukageuka. Mzee alikuwepo. Tena alipunga mkono.

"Inasema yuko wapi?"

"Karakana."

Sista akapiga simu maabara kuulizia damu, kwa sababu bingwa alitaka pakiti mbili ziwe tayari. Sauti ya upande wa pili niliisikia waziwazi.

"Damu imeshatoka, sista. Imepelekwa alipo mgonjwa."

"Mgonjwa yuko hapa mbele yangu!"

"Mfumo unasema yuko karakana."

"Wewe umeshawahi kuona mtu anaongezewa damu karakana?"

"Mimi ni wa maabara, dada. Ya karakana siyajui."

Sista akakata simu. Akampigia daktari wa nusukaputi, yule anayelaza watu usingizi kabla ya kukatwa. Huyo alikuwa mkali, lakini mkali wa haki. Alisema hamchomi mtu sindano kabla ya kuona faili lake, kwa sababu ziko dawa zinazoua. Na kweli, mzee wangu kuna dawa moja iliyokaribia kumtoa roho miaka ya nyuma. Mimi jina lake silijui. Nakumbuka tu alivyovimba midomo.

Faili la karatasi? Yote yalifungiwa stoo siku mfumo ulipozinduliwa, na ufunguo anao mtu aliyeko likizo.

Faili la kompyuta? Linafunguka pale tu mgonjwa alipo. Na mgonjwa yuko karakana, ambako kompyuta yao inasoma vyuma tu.

Saa nne na nusu. Mzee ameacha kutania. Hilo ndilo lililonitisha. Anapokaa kimya huyu mtu, ujue maumivu yameshamshinda.

Wakati tunahangaika, mlango ukafunguliwa taratibu. Akaingia mwanamume wa makamo, ovaroli la bluu lenye madoa ya grisi, kalamu ya risasi sikioni. Mikononi amebeba kisanduku cha barafu, amekishika kama mtu aliyebeba mayai. Juu yake kuna karatasi.

"Hodi," alisema. "Kumi na nne ni nani?"

"Huyu hapa," nikasema.

Akamsogelea mzee, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee. Pole sana. Mimi ni fundi wa karakana. Nimeletewa damu yako."

Mzee akaitika kwa shida. "Marahaba. Na hiyo karatasi?"

Fundi akasita. Akanipa mimi. Ndiyo ile niliyowaambia. Mgonjwa: mwanamume, miaka sabini na mmoja. Kazi: kubadilisha magurudumu mawili ya nyuma, kuondoa kutu, kupaka rangi nyeupe.

Nikamsomea. Mzee akafumba macho kama anafikiri.

"Nyeupe ni sawa," akasema. "Hiyo ya kutu ndiyo imeniuma."

Kijana wa mfumo alifika mbio, kompyuta imefunguliwa mkononi. Akasoma, akabadilika rangi. Ilimchukua dakika tano kuelewa, na sista ndiye aliyelazimika kumwambia.

Jumatatu, kabla mzee hajalazwa, sista alikuwa ameripoti kwamba kitanda kumi na nne magurudumu yake yameshika kutu. Karakana, kitanda kumi na nne ni chuma. Wodini, kitanda kumi na nne ni mtu. Mfumo mnyumbufu, katika kujifunza kwake, ukaona idara mbili zinataja kitu kimoja, ukafurahi, ukaunganisha mtu na kitanda. Mzee wangu akawa na presha, kundi la damu, na magurudumu manne.

"Lakini hakuna mtu aliyeniambia kwamba mnawaita watu kwa vitanda!" kijana akalalamika.

"Umekaa wodini siku ngapi?" sista akamuuliza.

"Nilikuwa na michoro."

"Nimekuuliza siku."

Kijana akainamia kompyuta yake.

"Basi mfute huko karakana, umrudishe," nikasema.

"Siwezi, bibi. Idara ikishapokea kitu, inakishikilia mpaka imalize kazi yake. Ni kwa usalama, ili idara mbili zisimvute mgonjwa mmoja." Akamgeukia fundi. "Kaka, rahisi tu. Ingia kwenye kompyuta yako, andika kazi imekamilika. Sekunde mbili."

Fundi akatikisa kichwa.

"Haijakamilika."

"Najua, lakini andika."

"Kijana, mimi nina miaka kumi na tisa pale chini. Yuko mwenzangu aliwahi kusaini kitanda ambacho hakukigusa. Kikamwangusha mama mjamzito. Siku ile nilijiambia sitasaini kazi ambayo mkono wangu haujafanya."

"Mtu atakufa hapa!" kijana akapaza sauti.

"Ndiyo maana tusipoteze muda kubishana," fundi akasema, akatoa spana mfukoni. "Mhamishieni mzee kwenye machela."

Nilimwangalia yule mtu. Hakuwa na haraka ya kuogofya wala hofu. Alifanya kama anayejua kila hatua. Magurudumu mapya mawili yalikuwa tayari kwenye mfuko wa kushoto. Kopo la rangi alikuwa ameliacha mlangoni. Nikajiuliza, mtu gani anapanda ngazi na rangi kabla hajaambiwa kuna tatizo? Lakini sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Tukamhamisha mzee. Tukasukuma kitanda mpaka barazani. Fundi akalala chini, mgongo sakafuni.

"Nyanyua," akaamuru.

Sista akanyanyua pembe moja. Nyingine akanyanyua kijana wa mfumo, na lile shati lake. Mishipa ilimtoka shingoni.

"Usitikise, bosi!"

"Sitikisi, kinatikisika chenyewe!"

"Hicho kinanyumbulika," sista akasema. Hakucheka hata kidogo.

Gurudumu la kwanza lilitoka. La pili lilikataa. Nati imeliwa na kutu. Fundi akatia mafuta, akangoja, akapiga, akangoja. Mimi nimeshika saa ya mzee mkononi. Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Kutoka ndani nilisikia mlio mmoja wa mzee, mfupi, kama mtu aliyeziba mdomo.

"Fundi," nilisema. "Mwanangu."

"Nakusikia, mama. Inakuja."

Ikaja. Ikalia kama mlango wa zamani, ikaja.

Kisha msasa. Kisha rangi. Fundi akanikabidhi brashi moja, yeye akashika nyingine. Nimepaka kuta za nyumba yangu mara tatu maishani, lakini sijawahi kupaka kwa kasi ile. Rangi iliniingia kwenye kucha, kwenye nywele, na nyingine ikaenda kwenye shati la kijana. Alikuwa ameshika kopo kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto wa watu.

Saa sita na dakika tano fundi alisimama, akakagua chuma chote.

"Haijakauka," kijana akasema kwa woga. Nadhani aliogopa fundi atakataa tena.

Fundi akasoma karatasi upya, mstari kwa mstari. "Hapa wameandika kupaka. Kukauka hawajaandika."

Akashuka ngazi mbili mbili.

Tulisimama mbele ya kompyuta ya wodi, mimi, sista na kijana, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kioo kikatulia. Kikapepesa. Pakatokea maneno ambayo sista aliyasoma kwa sauti:

"Kumi na nne ameruhusiwa kutoka karakana. Hali: nzuri kama mpya."

Faili likafunguka. Dawa ile mbaya ilikuwepo, kwa herufi nyekundu. Daktari wa nusukaputi akaisoma, akaguna, akabadilisha sindano aliyokuwa ameshaiandaa.

Tafadhali rudieni kusoma hapo. Aliibadilisha.

Bingwa alimpokea mzee saa sita na dakika ishirini na tano. Saa saba kamili dereva wake alikuja kugonga. Aliambiwa kupitia mlangoni, "Waambie huko nitachelewa. Nimeshika tumbo la mtu." Alitoka saa nane na nusu. Barakoa imemwachia alama usoni. Akanitafuta yeye mwenyewe kwenye benchi.

"Tumewahi, mama. Saa moja zaidi, nisingekuwa na habari hii ya kukuletea."

Nililia. Sista akanishika, na mimi nikampaka rangi.

Sasa mtadhani hadithi imeisha. Mimi pia nilidhani hivyo.

Siku ya sita, mzee anakula uji na kulalamika hauna sukari, dalili ya uzima kabisa. Kijana wa mfumo akaja. Safari hii hana kompyuta. Ana karatasi tu, na macho mekundu.

"Bibi, naomba nikae."

Nikampisha pembeni ya kitanda.

"Nimepekua kumbukumbu za mfumo tangu siku ya kwanza. Babu hakuwa wa kwanza kulazwa karakana."

"Wako wangapi?"

"Babu ni wa kumi na mbili."

Akanionyesha. Mama wa miaka thelathini: kukazwa skrubu. Mwalimu mstaafu: kunyooshwa mgongo uliopinda, kwa nyundo. Mtoto mchanga wa siku moja: kuondolewa kutu.

Siku moja ya kuzaliwa, kutu ataipata wapi?

"Na wote hao?" nikauliza.

"Wote wazima. Kila mara fundi alipokea karatasi, akachukua vifaa, akapanda ngazi, akatengeneza kitanda harakaharaka, akamwachia mgonjwa, akashuka. Damu iliyopelekwa kwake alipandisha. Dawa alipandisha. Ndiyo maana hakuna ujumbe uliopotea, bibi. Haukuwa mfumo. Ilikuwa miguu yake."

Mzee aliacha kijiko.

"Kwa nini hakusema?" nikauliza.

Kijana akafunika uso. "Alisema. Wiki ya pili tu aliandika malalamiko. Ofisi ya mkurugenzi ikamwambia malalamiko yote yapitie kwenye mfumo. Akayapitisha. Mfumo ukaona yanahusu karakana, ukayapeleka karakana."

"Kwa nani?"

"Kwake yeye. Akayasoma. Akayajibu." Akanisomea: "Nimepokea malalamiko yangu. Ni ya kweli. Nitaendelea kuyashughulikia."

Mzee alicheka mpaka nyuzi za tumboni zikamkaripia.

Kile cheti kilitolewa, kwa hafla na vipaza sauti. Mkurugenzi alisema mfumo umeonyesha uimara wa kipekee. Akaongeza kwamba, kwa takwimu, karakana ndiyo wodi inayoponya haraka kuliko zote, hivyo wanafikiria kuiongezea wagonjwa. Watu wakapiga makofi. Kijana wa mfumo alipoitwa kupokea, alikataa kupanda jukwaani. Alisema mbele ya wote kwamba mwenye haki ya cheti yuko chini, anapiga msasa. Mkurugenzi akadhani ni unyenyekevu, akamsifu zaidi.

Lakini kesho yake kijana alikuja wodini na daftari. Alikaa mwezi mzima. Akakaa maabara, akakaa karakana, anasikiliza tu watu wanavyoitana, anaandika. Ndipo akaufumua mfumo wake na kuushona upya. Siku hizi kila mgonjwa ana kamba ya mkononi yenye alama yake mwenyewe, na kitanda kina yake.

Siku tuliyoruhusiwa nilishuka karakana kumshukuru fundi. Nilimkuta ameinama juu ya kiti cha magurudumu. Nikamuuliza lililokuwa linanikera rohoni.

"Mwanangu, mara kumi na mbili, bila mtu kukutuma, bila mtu kukushukuru. Ungeweza kuandika tu kwamba hilo si lako, ukaendelea na kazi zako."

Alifuta mikono kwenye ovaroli, akafikiri kidogo, kama vile swali lenyewe ni geni kwake.

"Karatasi ilisema wako kwangu, mama," akajibu. "Sasa mtu akishakuwa kwako, utamwachaje?"

Wanangu na wajukuu zangu mnaosoma, mkipewa kazi ya kuunganisha watu, kwa waya au kwa maneno, nendeni kwanza mkakae nao mjue wanavyoitana. Na mkiambiwa kitu kinafanya kazi chenyewe bila kosa hata moja, msipige makofi haraka. Shukeni ngazi, mkaangalie ni nani anayehema.